Gitaa Nililolitundika Moshini

Atu, mke mwenzangu,

Kamwene. Kaa chini kwanza, maana mimi haya niliambiwa nikiwa nimesimama, mpaka fundi akanisogezea kigoda. Anayeandika ni Mama Neema wa jirani, mimi nasema. Nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Ulipoondoka kwenda Uyole kwa baba yako, gitaa la mume wetu, babu yako, ukaliacha nyuma ya mlango. Mwalimu wa kwaya ulimwambia atafute mpigaji mwingine, wewe mkono wako ni mbovu. Nilivumilia kuliona pale, nikashindwa. Nikambebea mwalimu nimwachie. Akasema tumwonyeshe kwanza fundi Luka, yule anayetengeneza viti na vyombo vya kwaya.

Fundi akaligeuza, akafumba jicho moja, akaliangalia shingo kwa urefu kama mwindaji anayelenga. Kisha akanusa tundu lake.

"Bibi, hili ni gitaa au nyama ya kukausha?"

Nikamjibu kwa majivuno, na majivuno hayo ndiyo yananiuma mpaka sasa. Nikamwambia linakaa jikoni, juu ya uchaga, pamoja na mahindi ya mbegu. Wewe unajua mbegu zangu zinavyoning'inia juu ya mafiga, moshi unazipaka, dumuzi hawazisogelei. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi hivyo. Sasa siku moja nikaona unga wa mbao chini ya kabati, nikasema gitaa alilolileta babu yako kutoka Chunya, alikokwenda kutafuta dhahabu akarudi na nyuzi, haliliwi na wadudu mimi nikiwa hai. Basi kila ukienda kwenye cherehani zako mjini, ninalitundika. Kabla hujarudi ninalishusha, nalifuta kwa kanga, nalirudisha mahali pake. Sikukuambia kwa sababu ungenicheka. Na kunusa usingenusa, nyumba yetu yote ni moshi, na wewe mwenyewe ni moshi.

Fundi hakunicheka. Aliniambia polepole kwamba mbao ikipata joto inajikunja, ikipoa inajaribu kurudi, hairudi yote. Nyuzi leo zimelala chini, kesho zimeinuka. Mkono unaozoea nyuzi hapa, kesho yake hauzikuti.

Atu, ndipo nikakaa kwenye kile kigoda.

Maana mimi niliyasikia mazoezi yako yote. Nilikaa pale mlangoni na kikapu changu, wewe ndani na kile kipande chako cha plastiki, unadonoa uzi mmoja mmoja, chini, juu, chini, juu, kama kuku kwenye mtama. Siku nyingine zinatoka zimepangana vizuri mpaka nasahau milulu ya kusukia mkononi. Kesho yake, wimbo uleule, unajikwaa, unarudia, unajikwaa palepale. Unasonya. Halafu unakwenda kwenye kalenda ya kanisa ukutani, siku nzuri unaweka kitone, siku mbaya unapiga mkasi, mistari miwili inayokatana. Mimi kusoma sijui, lakini mkasi naujua.

Na siku ile ulipopiga mikasi mitatu mfululizo, nikakwambia nini? Nilisema, "Jana uliweza, leo umesahau. Mkono wako hauna akili, mwachie mwenye mkono." Ulikunja kanga zako. Nilidhani nakuchokoza tu, kama tunavyochokozana siku zote juu ya mume wetu. Kumbe ulikuwa umeshajiambia hayohayo kabla yangu, mimi nikayagongea muhuri.

Niliporudi kutoka kwa fundi nikamwita Mama Neema tuishushe kalenda. Maharage mimi nachemsha Jumatatu na Alhamisi, moto mkubwa tangu asubuhi. Nikamwambia aniwekee kidole kwenye Jumatatu zote. Mkasi. Mkasi. Kitone. Mkasi. Alhamisi, mkasi, mkasi. Mama Neema akarudia kuhesabu kutoka juu, na yule mwanamke hana subira hata kanisani. Nimekuwa nikipika maharage yako na kukuharibia mkono kwa moto mmoja, halafu jioni nakusema.

Nisamehe, mke mwenzangu. Nasema mara moja, lakini nayasema yote.

Sasa sikiliza na hili, maana sitaki ufurahi ukapitiliza. Tulirudia kuangalia. Mikasi tisa haikuangukia siku ya maharage. Mwingine uko Jumapili, tulikuwa ubatizoni mchana kutwa, jiko limelala baridi. Nikamuuliza fundi, na hii tisa ni ya nani? Akasema hiyo ni ya mkono wenyewe, hata yeye anayo, na hakuna gitaa la kuitibu.

Hiyo tisa ni yako, Atu. Siwezi kukubebea.

Lakini nimeshusha kikapu changu cha zamani, kile cha kuwekea unga, unachokisifu kwa wageni. Nikakizungusha kwenye mwanga. Kuna mstari umekaza, unaofuata umelegea, kisha miwili imekaza, kisha umelegea tena. Kila mstari ni siku yangu moja. Nakumbuka nilivyokuwa nauchukia ule uliolegea, nataka kuufumua, na mama ananinyang'anya kikapu mpaka kesho. Miaka yote hii unga haujamwagika, na mimi sikuwahi kukuonyesha. Nilikuonyesha kilichokwisha tu, nikakuacha udhani mikono ya wenzio haina siku mbovu.

Gitaa limenyooshwa shingo na nyuzi ni mpya. Linakuja na Mama Neema, anakwenda kumwona dada yake huko Uyole, na amekubali kulipakata njia nzima. Usilikaribishe jikoni. Usilianike. Kama huko kwenu kuna wadudu, waache waje, tutapambana nao kwa njia nyingine. Ndani ya mfuko nimeweka na kalenda. Sikufuta kitu.

Kurudi kwenye kwaya utaamua mwenyewe, mwalimu bado hajampa mtu nafasi yako. Mimi nakuomba kitu kimoja. Ulipokuwa hapa, siku nzuri uliniita ndani nisikilize, siku mbaya ulifunga mlango. Sasa tugeuze. Siku ya kitone wapigie hao wengine. Siku ya mkasi nipigie mimi simu, uiweke karibu na nyuzi, ujikwae nikisikia. Sitasema neno. Nitakuwa na kikapu changu mapajani, nami huenda nalegeza mstari.

Nipo hapa Kihesa, jiko linawaka, uchagani kuna mahindi peke yake.

Bibi yako, mke mwenzako kwa mume mmoja.