Kitundu cha Juu ya Sikio la Kulia

Xiaobei, Guangzhou
9 Septemba 2006

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na macho yawe yamepata nafuu kwa ile dawa niliyompa Chausiku alipokuwa akirudi nyumbani akuletee pamoja na kofia. Mimi mwilini sina neno, alhamdulillahi. Barua anaileta Bartholomeo, mfanyabiashara wa Dar anayesafiri kesho. Nimemsihi avuke mwenyewe hadi Unguja akukabidhi mkononi, maana inashindana na kontena lililoko baharini. Najua Lulu ndiye atakayekusomea. Lulu mdogo wangu, usiruke neno, hata ukinionea aibu.

Mama, naogopa. Wiki ya pili sasa chakula hakinipiti, na simu ikilia nashtuka kama nimeiba.

Unakumbuka siku niliyoondoka ulinivua kofia yangu ya dukani ukanivika ya marehemu Baba, ukasema nisiende kuswali Idi ugenini kama mtu asiye na kwao. Ile uliyomshonea wakati wa uchumba, miezi minane, ukatoboa na kuzungushia uzi kila kitundu isipokuwa kimoja, juu ya sikio la kulia. Ulikiacha kimefumba makusudi, ili siku mwanamke mwingine akidai ameishona yeye, umuumbue mbele za watu. Baba alikuwa akicheka na kusema umempiga chapa kama ng'ombe.

Huku nafanya kazi kwa Dullah, mwenye ofisi katika jengo la Tianxiu Dasha. Anaagiza kofia za mashine kwa ajili ya Idi, na mimi huenda kiwandani kuzikagua. Alinichukua kwa sababu yako. Nilimweleza ulivyonifundisha: kofia isikudanganye kwa uso, igeuze. Ya mkono ndani ni safi kama nje, na vitundu vyake havifanani sawasawa. Ya mashine ina uzi wa chini unaokimbia kutoka kitundu hadi kitundu, na vyote ni pacha.

Siku moja laoban, yaani mwenye kiwanda, mama mmoja mpole, aliiona kofia ya Baba kichwani mwangu. Aliishika, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga ni mashine gani iliyoshona hivi. Nikamwambia si mashine, ni mama yangu. Mama, nilivimba kichwa siku ile! Akaomba aazime usiku mmoja tu aionyeshe kwa mafundi. Mei wenti, akasema, nisiwe na wasiwasi. Nikaivua mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kesho yake nilikuta wameikata vipande waone ilivyotengenezwa ndani. Laoban alishangaa kumwona mwanamume analia kwa ajili ya kofia kuukuu, akanipa mpya aliyotoa kwenye mashine. Nikaipapasa juu ya sikio la kulia. Kitundu kilikuwa kimefumba. Mashine ilidhani ni sehemu ya nakshi. Dullah alipoiona akaagiza elfu mbili na mia nne, na zote, Mama, zote zina kitundu kilichofumba.

Kisha ukanipigia simu kwamba Lulu ameposwa, na kofia ya Baba niirudishe, bwana harusi aivae siku ya nikahi. Nikakuitikia kwamba nitaituma. Dullah akanishauri kwamba macho yako hayaoni tena sindano, hakuna atakayejua.

Mama, kofia aliyokuletea Chausiku ni ya mashine. Niliifua mara tatu ichakae, nikaivika kwenye furuma ishike umbo, nikaifukiza udi. Ulipopiga simu ukilia, ukasema umekipapasa kitundu chako, na kwamba kofia bado ina harufu ya Baba, nilikuitikia, nikasema alhamdulillahi. Neno hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nililitaja jina la Mungu juu ya uongo, nawe umeniombea dua.

Kontena lenye kofia za Dullah litafika katikati ya Ramadhani. Siku ya Idi utasikia alama uliyomwekea mumeo iko vichwani mwa watu usiowajua, Darajani nzima. Naogopa ulisikie hilo kwa mwingine kabla hujalisikia kwangu.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa, upana wa vidole vitatu. Ndicho pekee nilichookota sakafuni, na kitundu chako kimo. Kishike mkono mmoja, kofia uishike mkono wa pili, kisha vigeuze vyote viwili. Vidole vyako havijapata kukosea.

Nipige, nitukane, nifukuze, lakini radhi yako usiniondolee. Nitapiga simu Ijumaa baada ya swala. Ukiona huwezi kuzungumza nami, mwache Lulu apokee aseme tu kwamba barua imefika.

Wasalimie Lulu na mchumba wake, na huyo mchumba umwombe anisamehe kabla hajavaa chochote kichwani.

Ni mimi mwanao, kichwa wazi,

Msabaha