Sijafukuzwa na Mtu, Nimekuja Kulala Porini

Ijumaa, mwezi wa sita, saa tisa alasiri. Ukungu haujaondoka hapa kijijini Rhotia tangu asubuhi. Vidole vimeganda, naandika kwa gumba moja, na chaji ya simu inaelekea kuisha.

Nimekaa mbele ya turubai. Ndiyo, lile la kuanikia mahindi. Mavuno yameisha, magunia yako ndani, turubai halina kazi. Nimelifunga kwenye miti miwili, nikatandika mabua makavu na blanketi, na jana mimi na mwanangu Paska, wa miaka minne, tulilala hapa. Ni juu kabisa kwenye shamba la baba yangu, kilimo kinapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanzia. Tembo wanapita ng'ambo ya korongo, huku hawaji. Nilimuuliza baba mara tatu.

Sababu ya kuja? Nilitaka tu.

Mume wangu Daudi ni mpishi wa safari. Kila akirudi ananisimulia wageni wanavyolala kwenye mahema, wanavyoamka na kahawa mkononi wakitazama twiga. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na kabla ya jana sikuwahi kulala nje kwa raha yangu. Sisi tunalala nje tukilinda mahindi, au kukiwa na msiba.

Nikiri jambo moja. Sikumuaga Daudi. Yuko na wageni Serengeti, simu yake haishiki. Nitamwambia akirudi. Lakini hata angepatikana, sijui kama ningeomba ruhusa au ningetoa taarifa.

Nimekuja na upinde wa baba. Baba hakupata mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Yeye aliwinda zamani, siku hizi bila kibali ni kosa, kwa hiyo mishale yangu haina chuma na ninalenga shina la mgomba. Ila kunyatia hakuna aliyekataza. Baba husema kurusha mshale kila mtu anaweza, kazi ni kufika.

Leo alfajiri nilifika. Pongo dume alikuwa anakula majani ukingoni mwa korongo. Nilivua viatu. Hatua moja, nasimama, upepo unanipiga usoni, vizuri, hanisikii harufu. Paska nyuma yangu ameshika khanga, kimya kabisa, mtoto ambaye kanisani hanyamazi hata dakika moja. Tulifika karibu mpaka nikaona umande kwenye manyoya ya yule mnyama. Nikavuta upinde mtupu, bila mshale, nikashusha. Akainua kichwa, akatutazama, akaondoka kwa mwendo wake.

Niliishia kidato cha pili. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini pale nilijua kila kitu nilichotakiwa kujua.

Narudi, namkorogea Paska uji, naona watu wawili wanapanda. Mbele mama mkwe. Nyuma yake balozi wetu wa nyumba kumi, kavaa koti la kanisani. Balozi havai koti lile kwa jambo dogo.

"Mama Paska, mwanangu," balozi akaanza kwa upole, "tumesikia. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mwenzako amekukosea nini?"

Nikauliza kukosewa na nani.

"Mwanamke halali porini na mtoto bila sababu," mama mkwe akasema. "Daudi amekufukuza kwa simu?"

Walikuwa wamekuja kunisuluhisha, jamani. Nikacheka, na kucheka kwenyewe kukaharibu, maana walitazamana kama watu waliokuta mgonjwa amezidiwa.

"Mama, Daudi yuko kwenye hema wiki ya tatu sasa. Yeye kafukuzwa na nani?"

Balozi akakohoa, akageukia msituni. Nadhani alikuwa anacheka.

"Yule yuko kazini," mama mkwe akasema.

"Na hao anaowapikia?"

"Wale wazungu."

"Kwa hiyo msitu uko nyuma ya nyumba ya baba yangu, lakini raha yake ni ya wageni?"

Mama mkwe akamgeukia mtoto. "Paska, vaa viatu, twende kwa bibi. Mama yako akae na nyani wake."

Kwetu humkatalii mama mkwe, tena mbele ya balozi. Lakini nikimtoa Paska, kufikia jioni Rhotia nzima itasema mtoto ameokolewa kutoka kwa mama yake. Na Paska mwenyewe ataamini kuwa tulichofanya asubuhi ni kosa.

Nikampakata.

"Mama, heshima yako yote naishika. Ila Paska haendi. Tutashuka Jumapili."

Balozi akasema ana ng'ombe wa kuangalia, akashuka na koti lake. Mama mkwe akabaki amesimama.

"Basi na mimi siendi," akasema. "Siwezi kulala kitandani, mjukuu wangu anapigwa na baridi."

Akakaa kwenye blanketi langu.

Tangu hapo hajapumzika. Kuni mbichi, uji mwepesi, turubai limefungwa vibaya. Ameufumua moto wangu na kuuwasha upya, na kusema kweli sasa unawaka vizuri. Nilipolenga mgomba akatazama pembeni, mwanamke na upinde, mambo gani haya. Mshale ukapita.

"Umelenga juu," akasema, bado anatazama pembeni.

Sasa hivi anamwonyesha Paska ndege, hondohondo, kwenye mti na kumtajia jina lake kwa Kiiraqw, lugha ya huku. Jina hilo mimi silijui. Hajanisamehe, na mimi sijaomba msamaha. Tunakaa hivyo hivyo.

Jumapili tutashuka wote watatu, nguo zinanuka moshi, na tutaingia ibadani hivyo hivyo. Mwenye kutaka kuniuliza nani kanifukuza asihangaike kunitafuta. Nitakaa benchi la mbele.