Majivu Yangu Hayana Kosa

Mahajanga, Jumatano, baada ya isha

Eti majivu yangu! Fundi kasimama mbele ya mkwe wangu, mume wa binti yangu Zaina, anagonga lipu ya chumba kipya inayotoka jasho, anasema, "Bibi, haya mambo yenu ya kisiwani Nosy Be. Majivu yamekunywa maji." Na mkwe akacheka.

Chumba hicho ndimo atakamolala Zaina wangu na mtoto siku arubaini akishajifungua. Kifua chake nakijua mimi. Tangu mdogo hakipatani na unyevu.

Nilisema majivu meupe ya maganda ya mpunga, yachekechwe kwa kitambaa, yatiwe kwenye saruji, kisha ukuta umwagiwe maji siku saba. Ndivyo tulivyojenga birika letu la maji ya mvua nyumbani, na halivuji. Fundi kachota majivu meusi, yenye maganda mazima, na kesho yake kaiacha lipu ikaukie juani. Sasa vile vitundu vya ndani vitazibwa na nini?

Nikaleta kipande changu cha lipu, nilichokanda siku ileile aliyopiga yake, katika kifuu na kukifunika gunia bichi. Kimeshakauka. Nikadondosha tone la maji, likakaa kama ushanga. Nikadondosha kwenye donge kavu la lipu yake, likanywewa papo hapo.

"Bahati tu, Bibi," akasema fundi. Bahati!

Mkwe hakucheka tena. Kesho lipu inabanduliwa, na majivu nitachekecha mwenyewe. Lakini siku saba za maji, halafu kukauka... na tumbo la Zaina limeshashuka.

Mjukuu wangu, wenzako huombwa waje upesi. Wewe nakuomba, kawia kidogo.