Sherehe ya Ruwaza Mwezi wa Nane

Ukunda,
Jumapili ya mwisho ya Agosti.

Kwako Mwalimu Mbwana, rafiki na ndugu,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, wewe na jamaa zako wote hapo Wasini, na kwamba goti lako limepunguza ukaidi. Mimi naandika nimekaa kando ya dirisha la jikoni. Herufi zangu bado zinafuata mstari. Zitazame vizuri, kwa maana ndizo ushahidi wa neno ninaloanza nalo. Habari uliyopewa na binti yangu Kavindu kwa simu, kwamba akili zangu zimeanza kuniacha, si kweli. Akili zangu ni zile zile ulizozizoea tulipokuwa tukifundisha pamoja. Tangu mwezi wa saba nimejifanya msahaulifu. Nimewaficha wote wa nyumba hii, nikakuficha na wewe, siku ile uliponipigia nami nikakuuliza mara tatu kama umekwisha kula. Ulinijibu mara zote tatu kwa upole uliozidi kiasi, nikajua umeamini. Niwie radhi.

Sababu yenyewe ni sherehe ya watoto.

Mjukuu wangu Dama, mtoto wa Kavindu na mumewe Ramadhani, anatimiza miaka saba mwezi wa Desemba. Mwaka huu shuleni wamefundishwa ruwaza. Unaijua kazi hiyo: duara, pembetatu, duara, pembetatu, kisha mwanafunzi anaulizwa kinachofuata. Somo limemwingia kama homa. Anasoma vigae vya bafuni, anasoma pindo za leso, anamsimamisha mtu uani ili amweleze shati lake lina ruwaza gani. Mwezi wa sita alitangaza kwamba sherehe yake ya kuzaliwa itakuwa ya ruwaza. Kila mtoto aje amevaa ya kwake, na walioandamana wakae pamoja: mistari na mistari, vidoti na vidoti, mirabaraba na mirabaraba. Wazazi wake wakamwambia vizuri, kuna muda mwingi.

Mimi sikuwa nao. Wiki hiyo nilikuwa nimekwenda Msambweni peke yangu, nikiaga kwamba naenda kumjulia hali mwalimu mstaafu mmoja. Daktari alinionyesha picha ya ini langu, akanieleza kwa adabu kwamba mambo ya Desemba nisiyapange. Nikamwuliza, je, ya Agosti? Akafikiri, akasema Agosti inaweza kuwa. Vidonge alivyonipa naviweka ndani ya kikasha cha miwani.

Utaniuliza kwa nini sikusema ukweli ili wao wenyewe waisogeze siku. Mbwana, uliiona nyumba yangu mke wangu Mumbe alipougua. Watu waliingia wakinong'ona, wakatoka wakinong'ona, na Kavindu alifanya mtihani wake wa mwisho katika nyumba iliyokwisha kuomboleza kabla mtu hajafa. Mumbe mwenyewe aliniambia kilichomchosha si maumivu, ni kutazamwa. Lau ningesema, sherehe ya Dama ingekuwa matanga yenye maputo. Msahaulifu naye hutazamwa, lakini hutazamwa kwa mzaha kidogo, na watoto hawamwogopi. Nikachagua usahaulifu.

Nilianza na vitu vidogo. Niliuliza miwani iko wapi nikiwa nimeivaa. Nilitia chumvi kwenye chai, na nikainywa, jambo ambalo sikushauri. Kisha asubuhi moja nikamwuliza Kavindu tumeandaa nini kwa siku ya Dama, maana Agosti imefika mlangoni. Akaniambia ni Desemba, Baba. Kesho yake nikauliza tena. Keshokutwa yake nikamlaumu kwa kuchelewa. Ramadhani, ambaye ni mlinzi kwenye nyumba za wageni huko Diani na ni mtu wa maneno mepesi, alisema mzee akiona Agosti ni Desemba, basi na upikwe pilau wa Desemba, kwani watoto watakataa kula? Kavindu hakucheka. Ni mtoto wa mwalimu, na kwake tarehe ni tarehe. Alikataa, akakataa tena. Alikubali kwa jambo moja nililolifanya Jumatatu moja asubuhi. Hilo nitaliandika mwisho. Kwa sasa mkono haulitaki.

Mama yake Ramadhani, Bi Twaiba, aliletwa kutoka Msambweni kusaidia, akaja na begi na msimamo. Alisema kwao hakuna mambo ya kuwasha mishumaa juu ya chakula na kukipulizia mate. Lakini kulisha watoto ni sadaka, na sadaka haina tarehe. Kwa maneno hayo alinisaidia kuliko alivyojua.

Usahaulifu, hata wa uongo, una gharama zake. Kavindu alinichukulia wembe, akawa ananinyoa yeye. Alinichukulia funguo. Kwenye mlango wa choo alibandika karatasi iliyoandikwa CHOO kwa herufi kubwa. Mimi niliyewafundisha watu kusoma nikabandikiwa neno la kunionyesha njia. Nilimshukuru. Walianza pia kusema mbele yangu mambo ambayo hapo awali wangesubiri nitoke, na wageni wakawa wanamwuliza yeye kama mimi nimelala vizuri.

Maandalizi yalienda hivi. Kavindu na Dama walitafuta maputo ya vidoti pale Kona ya Musa, duka hadi duka, wakayakosa. Yaliyokuwapo ni maputo ya harusi yaliyochorwa kopa nyekundu. Kavindu alitaka kurudi mikono mitupu, Dama akamwambia kopa nyingi zikifuatana nazo ni ruwaza, yakanunuliwa. Bi Twaiba alifungua leso zake za zamani, akazitandika juu ya mikeka kwa namna ambayo pindo moja ilishika nyingine, mpaka uani pakawa kama leso moja kubwa yenye miji mingi iliyozungukwa na pindo. Mimi nilipewa karatasi za rangi, uzi na mkasi usio na ncha, nikatengeneze vibendera vya kutundika kuzunguka ua. Nadhani nia ilikuwa nisikae bure.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Nilikata pembetatu mbili nyekundu, duara moja la manjano, pembetatu mbili, duara moja, na nikaendelea hivyo kutoka nguzo ya mlango hadi mpapai na kurudi. Dama alikuja akapita chini ya uzi polepole, kidole juu, midomo ikienda. Alipomaliza alikaa karibu nami, akanisogelea sikioni.

"Babu, wewe unasahau kweli?"

Nikamwuliza kwa nini anauliza.

"Hukukosea hata moja. Mimi shuleni nilikosea mbili, na mimi sisahau." Akahesabu kwa vidole. "Halafu sherehe yangu ilikuwa Desemba, tena Desemba, tena Desemba, sasa Agosti. Hiyo si ruwaza, Babu. Mwalimu angetia mkasi, ile alama ya kosa."

Nakiri kwamba wazo la kukosea kwa makusudi lilikuwa limenijia nilipokuwa nikikata, na mkono ulikataa. Mtu anaweza kutia chumvi kwenye chai, lakini ruwaza iliyovunjika mbele ya mtoto anayejifunza ni jambo jingine. Basi nikamwuliza Dama kama angependa niende nikamwambie mama yake kwamba siku imekosewa, ili sherehe iahirishwe.

"Usimwambie," alisema. "Endelea kusahau mpaka tule keki."

Tangu hapo amekuwa mshirika wangu, na mshirika mwenye bidii. Mbele ya watu hunisalimu shikamoo kwa sauti ya juu, kisha hujitambulisha jina lake na la mama yake, na huku ananikonyeza.

Siku moja kabla ya sherehe, Kavindu alikuwa jikoni akioka. Kama unavyokumbuka, anafanya kazi ya keki katika hoteli moja ya Diani. Hii aliipanga ili ikikatwa ndani ionekane mirabaraba ya kahawia na nyeupe, kama ubao wa drafti. Ramadhani alikuwa akimshikia bakuli. Mimi nilikuwa hapa nilipo sasa, upande wa pili wa dirisha, na kwa kuwa msahaulifu huhesabiwa kama kiti, hawakupunguza sauti. Ramadhani alimtania kwamba keki hiyo itaisha kabla haijaonekana. Kisha nikamsikia Kavindu.

"Heri angeugua mwili, Rama. Mwili ningemwuguza. Ningemlisha, ningemgeuza, na angejua ni mimi. Huyu anaondoka akiwa bado amekaa."

Ramadhani alisema Mungu ni mwema. Kavindu alisema ndiyo, akaendelea kupiga mayai. Nilikaa pale mpaka keki ikaiva. Ningeweza kunyanyuka, kuzunguka nguzo moja tu na kumwambia. Sikunyanyuka. Vibendera vilikuwa vimekwisha kutundikwa.

Sherehe ilifanyika jana. Watoto walikuja wengi kuliko waliotajwa, kama ilivyo kawaida. Wenye mistari walikuwa wengi, wakajiona wakubwa. Wenye vidoti walikaa mkeka wa katikati. Mtoto mmoja wa kiume alikuja na shati lenye mistari mbele na maua mgongoni, ikabidi baraza likae, na ikaamuliwa akae mpakani. Mtoto wa jirani, Purity, aliletwa katika gauni lake la kanisani, jeupe tupu, lisilo na alama yoyote. Dama, kwa haki ya mwenye sherehe, alimwambia hana pa kukaa. Purity hakulia; alisimama tu akiitazama mikeka yote. Bi Twaiba ndiye aliyemwita. Alimkalisha mapajani, akatoa wanja wake, akamtia vidoti mikononi, kutoka vidole hadi viwiko, mistari miwili ya vidoti vikubwa na mmoja wa vidogo. Purity alipoinuka alikuwa na ruwaza nzuri kuliko wote. Basi kila mtoto akataka wanja. Mkeka wa mistari ulihamwa, na Bi Twaiba, ambaye hakuwa na mambo ya siku za kuzaliwa, alikosa hata nafasi ya kunywa chai yake.

Keki ilikatwa, mirabaraba ikaonekana, na Ramadhani akapata shangwe kana kwamba aliioka yeye. Mishumaa haikupulizwa. Bi Twaiba na Kavindu walikubaliana Dama aizime kwa kuipepea kwa kipepeo cha jikoni, na ilimpa kazi.

Mimi niliwekwa kwenye kiti chini ya vibendera. Hakuna aliyenitazama. Mbwana, kwa saa nzima hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama; walikuwa wakiwatazama watoto. Ndicho nilichokitaka, nami nilikipata. Baadaye Kavindu alikuja na kipande cha keki, akaketi karibu nami, akanilisha kwa kijiko. Alinionyesha watoto mmoja mmoja, akinieleza polepole huyu ni nani na yule ni wa nani. Aliniuliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo, na hilo halikuwa la kuigiza.

Sasa haja yangu kwako. Usimwambie Kavindu lolote kwa sasa. Akijua leo, kesho tutakuwa njiani kwenda Mombasa kutafuta madaktari, na Dama anarudi shule. Maumivu yatajitangaza yenyewe karibuni, na hapo atapata mwili wa kuuguza kama alivyotaka. Lakini ataniuguza akidhani simjui. Nikishazikwa kule shambani Shimba Hills, kando ya Mumbe, uje Ukunda umsomee waraka huu, ukae naye mpaka aumalize kuusikia. Umwambie pia kwamba siku ya Dama ni tarehe tano Desemba, na ifanywe tena, hata kama ni chai na mahamri tu, ili ruwaza ya mtoto isivunjike.

Nisalimie jamaa wote wa Wasini, wakubwa shikamoo zao, wadogo marahaba zao. Mpwa wako Kheri atakuletea waraka huu. Mlipe kwa dua, kwani nauli amekataa. Kama nimekukosea katika miaka yetu, nisamehe. Nami sina lako moyoni.

Limebaki lile la Jumatatu. Kavindu alikuwa ameniletea uji, akasimama dirishani, mwanga ukiwa upande wa uso wake, na ni kweli anafanana na mama yake akisimama hivyo. Alikuwa ameniambia kwa mara ya mwisho kwamba sherehe haitakuwapo. Nilimtazama usoni, nikamwita Mumbe, nikamwuliza kama Kavindu amekwisha kurudi kutoka shule. Alikiweka kikombe cha uji chini, akaniitikia kama Mumbe, akasema amerudi, yuko nje anacheza. Nilijua ni yeye. Hakuna siku ambayo sikumjua.

Wako,
Muthoka