Ufa Niliouziba kwa Gundi

Ijumaa. Rasharasha tangu alfajiri, na Muheza yote inanuka maganda ya machungwa yaliyoloa. Sina raha. Nina wivu, na leo nimeamua kuuandika ulivyo, bila kuupamba.

Wivu wangu una jina. Unaitwa Zaina.

Zaina ni binti wa baba yangu mdogo wa Tanga mjini. Tumemaliza kidato cha nne mwaka mmoja, yeye kule, mimi huku, na tangu mitihani iishe amekuja kwetu kusubiri matokeo. Ni mchangamfu. Akiingia mahali, watu wanageuza viti kumtazama. Mimi nikiingia, wanaulizana baadaye kama nilikuwepo. Baba ananiita Bi Kimya. Nililipenda jina hilo, nikidhani ni siri yetu sisi wawili. Wiki iliyopita Zaina aliniita hivyo mbele ya wageni, na baba akacheka.

Sasa kuhusu bunduki. Nguruwe wa porini wamemaliza muhogo wetu, na ngedere wanatafuna machungwa kabla hayajaiva. Baba aliomba kibali muda mrefu, mwezi huu kimetoka. Likabaki swali la bunduki gani. Mzee Mhina, mlinzi mstaafu wa msitu kule njia ya Amani, anauza yake kuukuu. Mtutu upo, ila kitako chake cha mbao kimeliwa na mchwa, kwa hiyo bei yake ni rahisi lakini ni ya kutengeneza. Nyingine iko dukani Tanga mjini, mpya, imekamilika.

Baba ni seremala, na mimi ndiye ninayeshika upande wa pili wa msumeno tangu darasa la tano. Aliposema, "Kitako tunaweza kukichonga wenyewe," moyo wangu uliruka. Nilikuwa nimeshachagua hata mbao, kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha bibi harusi mmoja wa Tongoni.

Zaina akadakia, "Baba mkubwa, kwani wewe unataka bunduki au unataka kazi? Nguruwe hatakungoja umalize kupiga msasa!"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu mtoto kazaliwa hakimu!"

Nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani, nina sababu kumi kichwani. Sikutoa hata moja.

Nilitaka ile ya Mzee Mhina ishinde. Nilitaka kila baba atakapoiweka begani awe ameshika kazi ya mikono yangu, si kitu cha dukani alichochaguliwa na Zaina.

Hilo ndilo jambo zima.

Jumatano Mzee Mhina aliileta mwenyewe, tupu, bila risasi, tuchukue vipimo. Baba akaitwa kwa jirani kurekebisha mlango. Mzee akakaa barazani na kahawa yake, akasinzia. Nikabaki na mtutu mapajani, nausugua kutu kwa kitambaa chenye mafuta, mara ukucha wangu ukakwama.

Ufa. Mwembamba kama unywele, karibu kabisa na mahali risasi inapokaa.

Katika karakana yetu ufa si msiba. Mbao ikipasuka tunachanganya gundi na vumbi la mbao, tunajaza, tunapiga msasa, na mteja haoni kitu. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Safari hii nilichukua gundi, nikachanganya na masizi ya sufuria badala ya vumbi, nikapaka kwa kidole, nikafuta. Ufa ukapotea. Kusema kweli, nilijisikia fundi.

Baba aliporudi akapitisha kiganja juu ya mtutu. "Chuma cha zamani hiki, mashallah." Akaniambia nianze kuchora kitako. Mzee Mhina akaondoka na bunduki yake, wakakubaliana kuwa Jumamosi atafunga kitako cha muda, waijaribu shambani kwake. Zaina akanuna.

Nikafurahi. Nilifurahi sana alivyonuna.

Jana mchana nilikuwa nachora. Kitako hupimwa kwa mwili wa mwenyewe, kwa hiyo baba aliinama, akalaza shavu juu ya ule mninga, nami nikatia alama ya penseli pale shavu linapoishia. Kisha nikatia alama ya mtutu unapoanzia. Nikapima kwa mkono kutoka shavu la baba hadi pale ufa utakapokaa.

Shubiri moja.

Penseli ilinianguka. Baba akauliza, "Vipi, Bi Kimya?" Nikasema hakuna kitu.

Leo asubuhi, akiwa anavaa kanzu ya Ijumaa, nilimfuata chumbani nikamwambia yote. Ufa, gundi, masizi. Alibaki ameshika kofia.

"Ulijua ni ufa?"

"Nilijua."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka nikutengenezee mimi."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Alichukua simu, akampigia Mzee Mhina. "Shikamoo, mzee wangu. Bunduki ile usiiguse. Kesho usiijaribu kabisa, mtutu una ufa, unaweza kukupasukia usoni, nakuja kukuonyesha mwenyewe." Hakusema ni nani aliyeuficha. Kisha akanigeukia. "Kitako ulichochora ni kizuri. Ndiyo maana nimekasirika zaidi."

Zaina alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Nilingoja atoe mzaha wake. Hakutoa. Aliniletea chai, akaiweka chini, akaondoka. Hata wema wake uliniudhi.

Baada ya sala wamekwenda Tanga mjini kuiona ile ya dukani. Baba alisema, "Twende sote." Nikajibu kichwa kinaniuma. Uongo mwingine, na siku haijaisha.

Najua watakavyorudi. Zaina ataigiza jinsi muuza duka anavyoongea, baba atacheka, mama ataulizia hili na lile. Nimejiapia kwamba nitakaa nao, na kabla chakula hakijatengwa nitamwambia Zaina asante kwa ile chai. Neno moja tu. Nimeshalifanyia mazoezi mara tatu.

Kesho baba hatalaza shavu lake karibu na ule ufa. Hilo lingetosha kunipa furaha ya mwaka mzima. Lakini tangu waondoke ninachokiwaza zaidi ni kwamba Zaina yuko naye, na mimi siko.

Mimi ni mtoto wa namna gani?