Risasi Isiyoonekana kwenye Picha

Dada yangu Yosefina,

Shikamoo dada. Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kwanza, maana ni ndefu na ina mambo. Goti linasemaje? Na mahindi ya Mbulumbulu yamebeba vizuri, au ukungu umeyaharibu tena? Mimi huku Afrika Kusini ni mzima, na safari hii sisemi kwa kubahatisha. Nimepimwa moyo mbele ya madaktari sita, na aliyewaongoza ni mwanao.

Alipokuja huku ulinipigia simu ukasema, Bura, mwangalie Paskalina. Nimemwangalia. Amenenepa. Najua huko watu wakisikia yuko masomoni wanadhani anasomea udaktari. Waambie udaktari alishamaliza, ubingwa wa kusoma picha za hospitali alishamaliza, sasa anasomea ubingwa wa juu ya ubingwa, picha za moyo peke yake. Kuna mashine mbili. Moja ni CT, ya mionzi, inapiga picha mishipa ya moyo mara moja imemaliza. Ya pili ni MRI, hiyo ni sumaku, na ina nguvu ya kukunyang'anya jembe mkononi ukiwa bado mlangoni. Mimi niliiona ikivuta kiti cha magurudumu kikapaa kama kwale. Haya, sikukiona, niliambiwa, lakini na mtu aliyekiona.

Sasa wanafunzi hawa hujifunzia kwa watu wasioumwa, wanaojitolea. Jumanne ilikuwa zamu ya Paskalina kuongoza kipimo cha sumaku peke yake, profesa akiwa nyuma yake. Yule aliyejitolea akaliona lile tundu la kuingilia, akavaa viatu akaondoka. Mimi nilikuwa nje nashusha mashuka. Unajua hospitali nzima hii inalala kwenye mashuka ninayoleta mimi na lori langu, nisipofika siku moja hata upasuaji unasimama. Nikasikia mwanao anahangaika, kwamba asipopata mtu, zamu inahamia kwa mwenzake na yeye anarudi mwisho wa foleni. Nikamwambia, moyo si huu hapa?

Nikavua saa, nikavua mkanda. Paskalina akashika fomu akaanza kuuliza kama ilivyo sheria. Una betri ya moyo? Una chuma mfupani? Una kipande chochote cha chuma mwilini? Nikajibu hapana, hapana, hapana, kama naitikia litania. Kwenye hiyo ya mwisho kalamu yake haikushuka.

"Mjomba, na ile risasi?"

Dada, nilikuwa nimeisahau. Nimeisimulia harusini kule Buger, nimeisimulia kwa watalii, nimeisimulia kwako, majangili wa faru na mimi peke yangu ndani ya kreta ya hifadhi, risasi ikaingia kwenye nyonga ikakaa humo. Paskalina alipokuwa mdogo alikuwa akiomba kuligusa kovu. Nikamwambia imeshayeyuka. Akasema risasi haiyeyuki. Nikamwambia hii ilikuwa ya kizamani. Hakucheka. Akanieleza kwa upole kwamba kama ipo, sumaku inaweza kuisogeza ndani ya nyama, na yeye hawezi kuniingiza, bora zamu iende. Profesa wao, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, akatazama saa yake.

Basi nikamwambia mwanao kwa Kiiraqw chetu, ili yule mama asielewe, kwamba hakuna risasi na haijawahi kuwepo.

Akaweka kalamu mezani. "Na bibi alipozikwa ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo jambo lenyewe, dada, na naliandika pole pole ili mkono usinikimbie. Sikupigwa risasi. Wakati ule naendesha Land Rover ya hoteli kule ukingoni mwa kreta, nilishindana na dereva mwenzangu kwenye mteremko, ndani ya ukungu. Nikaipindua. Chuma cha mlango ndicho kilichonichana nyonga. Kesho yake nikafukuzwa kazi. Siku ya tatu nikaletewa habari kwamba Ayo, mama yetu, amefariki. Kutoka pale hadi nyumbani ni safari ya nusu siku, unajua. Nilikuwa naweza kutembea. Nikajiona nikiingia uani kwa watu, sina kazi, na mama amelala hapo, na alikuwa akinisifu kwa kila mtu kwamba Bura wangu ndiye dereva. Nikapanda gari linaloelekea Loliondo. Huko nikamtuma mfanyabiashara wa ng'ombe awaambie nimepigwa risasi na majangili. Ukamzika peke yako, na bado ukawaambia watu mdogo wangu ni shujaa.

Nilipomaliza kumweleza, Paskalina akasema, "Maneno yako siwezi kuyaandika hapa, mjomba. Nataka picha."

Nikapelekwa eksirei. Nilipokuwa nimelala pale, Mungu anisamehe, nilitamani kionekane hata kisumari. Mfupa ulitoka mweupe, safi kabisa.

Ndipo akaniingiza kwenye sumaku. Tundu lenyewe ni jembamba kuliko pango lolote wanalochimba tembo kule kwetu, na linapiga kelele kama mashine ya kukoboa iliyokosa mahindi. Wakaniwekea hedifoni, ndani yake sauti ya mwanao kwa Kiswahili, vuta pumzi, toa, usipumue. Nilibana pumzi mpaka profesa akauliza kama bado nipo. Walisema hawajawahi kupata mtu wa kubana namna ile. Hiyo ni kweli, muulize. Kuna mahali alinyamaza muda mrefu, nikajua bado ana hasira, kumbe alikuwa anapanga picha inayofuata.

Alipomaliza aliwasomea wenzake moyo wangu chumba kwa chumba. Akasema ukuta wa kushoto ni mnene. Nikafurahi, nikadhani ni sifa. Kumbe ni presha, nimeanza vidonge. Profesa akamwambia kuanzia wiki ijayo apime wagonjwa wenyewe. Dada, nililia, nikasema ni ile dawa waliyonichoma mshipani ili picha zionekane.

Paskalina hatakuambia. Amesema niandike mwenyewe, ila ukimuuliza hatadanganya. Sikuandikii ili uniambie yamekwisha. Miaka yote hii nikija nyumbani nimesema nyonga hainiruhusu kupanda hadi kaburini. Sijawahi kufika. Mwezi wa kumi na mbili nakuja, na nitapanda. Ningependa twende wawili, unionyeshe kichwa chake kiko upande gani. Kama hutaki, usijilazimishe, nitawauliza majirani.

Msalimie shemeji, na mke wangu mwambie fedha ya mbegu sijaisahau, na yeye nimemwandikia yake. Wasalimie watoto wote. Wale kina mama wa jumuiya wanaoniombea nyonga, usiwaambie kitu. Nitasimama mbele yao mwenyewe, na wewe ukae pale nyuma unisikilize kama nitaongeza neno.

Mdogo wako,
Bura