Alama ya Msumeno kwenye Usukani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, Alhamisi tarehe 16 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi.
Jalada: Kifo cha mwendesha baiskeli, njia ya mlimani.
Shahidi: Mke wa marehemu (jina kamili limo ndani ya jalada).
Umri: Miaka 41.
Kazi: Kushona na kukarabati makochi.
Makazi: Nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani.

Mimi ni mtu mzima na akili zangu timamu. Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa na mtu. Afande amenieleza kwamba shahidi akisema uongo anashtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo nimeuacha nyumbani, kule ndiko unakotakiwa kwa sasa.

Marehemu alikuwa mume wangu kwa miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Watu wa baiskeli walimwita Breki Moja, kwa sababu siku ya kwanza alipopanda nao mlima baiskeli yake ilikuwa na breki ya nyuma peke yake, akateremka nayo hivyohivyo, akafika chini soli ya kiatu imekwisha. Mimi waliniita Kochi. Sisi ni kundi la watu wa kazi mbalimbali tunaopenda kuendesha baiskeli milimani. Hatuna mwenyekiti wala mhuri.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana uwanja wa nyuma ya duka la vigae. Kila mtu anatandika turubai lake na kupanga vipuri alivyokwisha kuvitumia. Huyu ana tairi lakini hana pedali, yule ana pedali na tairi lake limekwisha, wanabadilishana. Ubishi ni mwingi na utani ni mwingi zaidi. Mtu anaweza kusifia mnyororo uliochoka mpaka wewe unayesikiliza ukamwonea huruma yeye badala ya mnyororo.

Tuna desturi moja ambayo naomba iandikwe vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa. Kitu chenye ufa hakibadilishwi wala hakigawiwi. Hukatwa kwa msumeno vipande viwili mbele ya watu, ndipo hutupwa kwenye pipa la chuma chakavu. Kikitupwa kizima kitaokotwa, kitapigwa rangi, na kesho kitakuwa chini ya mtoto wa mtu. Anayekata siku zote ni Fundi Saa. Huyo ni mtengeneza saa, mkubwa kwetu kwa umri, na mkono wake hautetemeki. Ndiye mliyemweka mahabusu tangu Jumatatu.

Mnamo tarehe 4, siku ya Jumamosi, mnamo saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi kando ya turubai la mume wangu. Fundi Saa alifungua gunia lake akatoa usukani wa alumini. Niliutambua kabla hajaupangusa vumbi. Mipini yake ilikuwa imezungushiwa ngozi ya kahawia iliyobandikwa kwa gundi, masalio ya kochi la daktari mmoja wa meno, na mshono ulikuwa wangu, ule wa kupishana kama mifupa ya samaki. Niliishona ngozi ile mwaka mume wangu aliponifundisha kuendesha baiskeli. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, mwanamke mzima naanguka kama gunia la viazi mbele ya majirani, naye anakimbia nyuma yangu ameshika kiti na kuniambia, "Tazama mbele, mama, chini unakujua tayari." Baadaye aliubadilisha usukani ule na mnyororo, ukaenda kwa mtu, ukatoka kwa huyo ukaenda kwa mwingine. Ndivyo vipuri vyetu vinavyotembea. Siku hiyo ulikuwa umerudi, na karibu na shingo, pale katikati unapobanwa na bolti, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Fundi Saa alitangaza, "Jamani, huu una ufa, naukata." Aliuweka juu ya goti akaanza upande wa kushoto. Msumeno ulikuwa umekwisha kuingia kidogo mume wangu alipomshika mkono.

Alimwambia, "Kaka, usiukate. Huu ndio niliomfundishia mke wangu."

Fundi Saa alisema kwa sauti kubwa, "Acha mkono wangu, nikate. Desturi haina mke wala mume."

"Nautundika ukutani. Hautashuka."

"Nimesema acha mkono."

Mpishi mmoja wa hotelini, mwenzetu, akasema kutoka kwenye turubai lake, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mume wangu akamjibu, "Ukuta ninao, nimekosa msumari tu." Watu walicheka. Fundi Saa hakucheka. Alimwambia mume wangu, "Basi sema mbele ya watu huu una nini." Mume wangu akasema, "Una ufa. Nimeuona kwa macho yangu, nimeupitishia ukucha." Ndipo Fundi Saa akauachia. Hakupokea kitu chochote kwa kubadilishana.

Afande amenisomea kwamba mlinzi wa duka la vigae alisikia ugomvi, na mmoja anasema, "Acha mkono wangu, nikate." Mlinzi hajadanganya. Alikuwa getini, alisikia maneno ya mlangoni akakosa ya chumbani.

Siku hiyohiyo mume wangu alipigilia msumari na kuutundika usukani juu ya meza yake ya kazi, kwenye chumba cha friji mbovu. Niliuona huko. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Mnamo tarehe 11, Jumamosi iliyofuata, jioni, nilikuwa narudi kupeleka mito ya kochi kwa mteja. Gari lilinibana kwenye kona, nikagonga ukingo wa barabara. Sikuumia, lakini usukani wangu ulipinda. Siku iliyofuata tulikuwa tumepanga kuteremka njia ya mgongo wa mlima. Wenzetu wote walikwisha kuiteremka, mimi bado, na miaka yote hiyo nilikuwa naiogopa. Mwaka huu nilisema naweza. Mume wangu alilitangaza jambo hilo mpaka kwa wateja wa friji.

Nilimwambia basi tuahirishe. Akasema, "Ukiahirisha mlima, mlima nao unakuahirisha wewe." Alifungua usukani wa baiskeli yake, mzuri, mpana, akaufunga kwenye yangu. Nilimwuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi ninao mwingine." Nilimwuliza upi. Akasema, "Upo, mama, kalale." Kwenye masanduku yake kuna vyuma vya kutosha kuunda meli. Nilimwamini, nikaenda kulala.

Mnamo tarehe 12, Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, tulianza kupanda tukiwa watu saba. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa na mipira myeusi mipya kwenye mipini na kitambaa cheusi kimezungushwa katikati. Nilidhani ni urembo. Yeye kwa urembo wa baiskeli alikuwa mbaya kuliko bi harusi.

Tulifika kileleni mnamo saa tatu na nusu, tukapumzika, tukaanza kuteremka. Wenzetu watano walitangulia. Mimi nilifuata, na yeye akawa wa mwisho nyuma yangu. Desturi yetu ni kwamba wa nyuma hupiga mluzi kila kona ili wa mbele ajue yupo. Njia ni nyembamba, imepita katikati ya misonobari, na ardhi imefunikwa na majani makavu yanayoteleza. Kwenye kona ya kwanza nilibana breki mpaka vidole vikauma. Akapiga kelele nyuma yangu, "Achia, Kochi, achia! Unaibembeleza nini?" Nikaachia. Afande, sijui kama haya yanahitajika kwenye jalada, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilicheka peke yangu kwa sauti kutoka kona ile hadi chini kabisa kwenye mawe. Upepo ulikuwa unanitoa machozi. Usukani ulikuwa umetulia mikononi mwangu, baiskeli inakwenda ninakotazama. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na nyuma nilikuwa nasikia mluzi.

Nilipofika chini ndipo nikagundua kwamba tangu kwenye mizizi mikubwa ya msonobari sikuwa nimesikia mluzi. Nilidhani amesimama kuchota maji au kunitania. Nilisimama nikaita. Nikaiacha baiskeli nikapanda kwa miguu. Nilimkuta amelala kando ya mizizi, kifua kimeangukia jiwe. Alikuwa anapumua. Kipande kimoja cha usukani kilikuwa bado mkononi mwake. Aliniuliza, "Umefika chini?" Nikasema nimefika. Akasema, "Bila kushuka kwenye baiskeli?" Nikasema bila kushuka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Wenzetu walimbeba hadi barabarani kwa turubai. Alifariki hospitalini siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni. Muuguzi alinikabidhi vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa na vipande viwili vya ngozi ya kahawia vimekunjwa vizuri, vyenye mshono wangu. Alikuwa amevifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, hakuchana hata mahali pamoja. Hapo ndipo nilipojua mwingine aliosema anao ni upi, na kwa nini katikati kulikuwa na kitambaa.

Jumatatu Fundi Saa alikamatwa, kwa sababu usukani uliovunjika una alama ya msumeno. Jumanne tulizika, na yeye hakuwepo kumzika rafiki yake. Mke wake alikuja msibani akanieleza kwamba amempelekea chakula na amemsihi ajieleze, naye anasema marehemu hawezi kujitetea, kwa hiyo hatamsemea. Wenzetu waliokuwepo siku ya turubai amewaomba vilevile wanyamaze. Nao wamenyamaza, wanasema la mume mke ndiye aanze kulisema.

Jana jioni niliwaeleza watu wa nyumbani kwamba nakuja huku. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Kaka wa marehemu aliniambia, "Shemeji, ukisema alijua, umemuua mara ya pili. Watu watasema alijiua mwenyewe kwa ujinga." Nilimwambia, "Nami nikinyamaza, shemeji, nimemzika na aliye hai." Akasema nisirudi kwenye ile nyumba nikishasema. Nyumba ile ni yao. Mashine yangu ya kushonea bado iko pale, kwenye chumba cha mbele. Nimetoka nikijua hivyo.

Leo afande amenionyesha usukani uliovunjika, ukiwa kwenye mfuko wenye namba. Nimeutambua. Umevunjika shingoni, palipokuwa na ufa. Alama ya msumeno iko mbali na hapo kwa upana wa vidole vinne, na pale chuma bado ni kizima. Nilimwomba afande aweke vidole vyake mwenyewe, akaweka.

Afande ameniuliza kama Fundi Saa na mume wangu walikuwa na uadui. Hawakuwa na uadui. Ameniuliza kama namlaumu Fundi Saa. Alikosa jambo moja, aliulegeza mkono wake kwa mtu aliyempenda. Sisi wote kumi na kitu tuliokuwepo tulicheka tu. Kama hilo ni kosa la kufungwa, mtahitaji mahabusu kubwa.

Ameniuliza kama namlaumu marehemu. Nimeomba liandikwe hivi: nimemkasirikia. Alijua kuna ufa, akaufunika kitambaa, akanidanganya usoni kwa jambo dogo ambalo lingesubiri Jumapili nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye msemo huo alikuwa anawaambia wateja kila siku juu ya friji zao. Hakutaka kufa na hakuna aliyemuua. Alitaka niteremke siku ile. Alinipa kizima akabaki na kibovu, na hakuniuliza kama nataka kubadilishana. Kama angeniuliza, ningekataa, na leo tungekuwa tunagombana nyumbani kuhusu mambo mengine.

Nimeleta vile vipande viwili vya ngozi ili vilinganishwe na alama za gundi kwenye usukani. Naomba nirudishiwe vikimaliza kazi. Usukani wenyewe siuhitaji, na usirudishwe kwa ndugu zake, maana watautunza. Naomba shauri likiisha apewe Fundi Saa, amalizie kuukata.

Niliyokuja kuyasema ni haya, wala sina mengine. Nimesomewa yote, nami nakubali kuwa ndivyo nilivyosema, bila kulazimishwa na bila kuahidiwa chochote.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa nami, koplo wa zamu, kwa maneno ya shahidi mwenyewe. Vipande viwili vya ngozi vimepokelewa na kupewa namba. Nimeomba kibali cha kuwahoji upya wote waliokuwepo uwanjani tarehe 4, na kumtoa mtuhumiwa mahabusu kwa dhamana leo hii. Shahidi alikuja kituoni akikokota baiskeli, ambayo ameiegemeza nje ya dirisha la chumba hiki. Kabla hajaondoka nilimwomba ruhusa nikaukagua usukani wake kwa tochi, kuanzia shingoni hadi ncha zote mbili. Alisimama kando akisubiri nimalize. Nilimwambia ni mzima. Alisema anajua, akapanda, akaondoka.